Maudhi Madogo Madogo kwa Nani?

Katika zahanati nyingi za nchi hii kuna maneno matatu yanayosemwa haraka haraka kabla mwanamke hajachomwa sindano ya uzazi wa mpango: "maudhi madogo madogo". Aliyeyatunga, bila shaka, hakupata kupalilia maharage kwenye milima ya Heru Juu, wilayani Kasulu, huku damu ikimtoka kwa wiki ya tatu mfululizo.

Sindano yenyewe ni ile ya miezi 3, Depo-Provera, yenye miligramu 150 za dawa inayofanana na homoni ya mwili wa mwanamke. Huzuia yai lisipevuke, huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, na hupunguza unene wa ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Kazi hiyo huifanya vizuri, na hakuna mwenye busara atakayeibeza katika Mkoa wa Kigoma, ambako akina mama wengi hubeba mimba mfululizo. Lakini dawa hiyo hiyo huvuruga hedhi. Miezi ya mwanzo damu huweza kutoka ovyo. Baada ya mwaka 1, kiasi cha nusu ya watumiaji hawaoni hedhi kabisa. Wengine huumwa kichwa, na wengine hunenepa. Tena kidonge cha majira kikimsumbua mtu hukiacha siku ile ile, ila sindano ikishaingia haitoki. Hana budi kungoja nguvu yake iishe.

Akingoja bila kuelezwa, atafikiri nini? Atafikiri kwamba damu isiyotoka imejikusanya tumboni na kugeuka uvimbe. Mumewe atadhani ni mimba, au maradhi ya aibu. Mama mkwe naye atakuwa na lake, na mganga atauza dawa ya kusafisha kizazi. Kumbe hakuna damu iliyokusanyika, kwa kuwa ukuta wa kuibomoa haukujengwa! Maelezo hayo ni ya dakika 2, na dakika hizo ndizo zinazoonekana ghali.

Baya zaidi hutokea anapoiacha. Kwa wastani hupita miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho kabla ya mwanamke kushika mimba, na wengine huchelewa zaidi. Asiyejua hesabu hiyo, akamwambia mumewe kwamba sasa yuko tayari kuzaa, huenda akaitwa mgumba kabla mwaka haujaisha, na ndoa zimevunjika kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hapo ndipo majirani husema kwamba sindano inaua kizazi. Uvumi huo haukuletwa na wapinzani wa uzazi wa mpango. Umezaliwa na ukimya wa watumishi wenyewe.

Wapo watendaji wanaoshikilia kwamba kueleza madhara ni kuwatisha wananchi. Hiyo ni kasumba ya kirasimu. Mwaka 1978 wakuu wa dawa wa Marekani walikataa kuiidhinisha sindano hiyo kwa kuzuia mimba nchini mwao, ilhali wanawake wa Dunia ya Tatu walikuwa wakichomwa. Zimbabwe iliipiga marufuku mwaka 1981. Marekani iliikubali mwaka 1992, kisha mwaka 2004 ikaamuru liandikwe onyo kali juu ya kupungua kwa uimara wa mifupa. Mwaka 2019 utafiti uliofanywa Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini haukuonyesha tofauti kubwa ya hatari ya kuambukizwa VVU kati ya sindano, kitanzi na kipandikizi. Mazuri na mabaya yote yameandikwa, na mwanamke wa Marekani hukabidhiwa karatasi yake akaisoma. Wa Heru Juu asomewe na nani kama si mhudumu, na kwa Kiha pale Kiswahili kinapokuwa kizito? Ikumbukwe kwamba huko ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare zama za Mwingereza. Waha hawahitaji kufundishwa kwamba mwanamke aweza kusikiliza jambo zito na kulikatia shauri.

Wala madhara hayo hayakosi tiba. Damu inayozidi ina dawa za siku chache, na ni lazima ichunguzwe, maana huenda ni dalili ya ugonjwa mwingine kabisa. Asiyeelewana na homoni yupo kitanzi cha shaba, kisicho na homoni hata chembe. Walimu na watumishi wa kata, ambao wengi wao huitumia sindano hiyo hiyo kwa siri, wanayajua haya na wanaweza kuyasema mbele ya waume pia. Lakini mlalamikaji anapofika zahanati kabla ya wakati, huambiwa avumilie hadi tarehe ya kadi. Kadi hiyo ina nafasi ya kutosha kuandikwa mstari mmoja zaidi: mwenye kadi hii apokewe siku yoyote atakayokuja.