El Alto na Haki ya Kucheza Nyumbani

Uwanja wa Hernando Siles mjini La Paz, Bolivia, uko mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho kinakaribia kile cha kituo cha Horombo kwenye njia ya Marangu, ambako wapandaji wengi wa Kilimanjaro hulala siku ya ziada ili miili izoee. Kila pumzi huko huleta takriban theluthi mbili tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Timu nyingi ngeni hupiga kambi Santa Cruz, nyanda za chini, kisha hupanda La Paz saa chache kabla ya mechi. Hesabu yao ni kwamba maumivu ya kichwa na kichefuchefu huchelewa kuanza, ilhali damu huhitaji wiki kadhaa kuongeza chembechembe nyekundu za kutosha, na hakuna klabu itakayomwachia mchezaji muda huo.

Mpira nao hubadilika tabia. Hewa nyepesi haiuzuii sana, kwa hiyo shuti la mbali humfikia kipa mapema kuliko alivyokadiria, na mpira wa adhabu uliokusudiwa kupinda hupita karibu umenyooka. Wenyeji hujua hayo tangu utotoni. Brazil ilifungwa 2-0 hapo Julai 1993, na hicho kikawa kipigo chake cha kwanza katika historia ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Argentina ya kocha Diego Maradona ilichapwa 6-1 tarehe 1 Aprili 2009.

Je, ni haki? Mei 2007 FIFA ilijibu kwa kupiga marufuku mechi za kimataifa juu ya mita 2,500, ikitaja afya ya wachezaji. Uamuzi huo uligusa pia Bogotá na Quito. Bolivia ilipinga, na rais wake, Evo Morales, akacheza mpira milimani kuuonyesha ulimwengu kwamba inawezekana. Maradona mwenyewe alikwenda La Paz mwaka 2008 kucheza mechi ya kuiunga mkono, mwaka mmoja kabla ya zile 6-1. Kikomo kilipandishwa hadi mita 3,000, La Paz ikapewa ruhusa ya pekee, na Mei 2008 marufuku yote ikasitishwa.

Kusitishwa huko kulikuwa sahihi. Joto na unyevunyevu wa Barranquilla, ambako Colombia huwakaribisha wageni wake, pia huchosha, wala havipigwi marufuku. Aidha, mlima peke yake hauifikishi timu mbali. Marco Etcheverry na Erwin Sánchez, nyota wa kikosi kilichofuzu Kombe la Dunia la 1994, walizaliwa Santa Cruz, kwenye joto. Baada ya kampeni hiyo ya kufuzu ya 1993 Bolivia ilikaa miaka 31 bila kushinda ugenini katika mechi za kufuzu, hadi ilipoifunga Chile 2-1 mjini Santiago Septemba 2024, huku La Paz ikiwa palepale.

Swali gumu zaidi limeletwa na El Alto. Siku chache kabla ya ushindi huo wa Santiago, Bolivia ilihamia uwanja wa mji huo wa jirani, ulio mita zaidi ya 4,000, ikaifunga Venezuela 4-0. Septemba 2025 iliifunga Brazil 1-0 hapo hapo na kupata nafasi ya mchujo wa mwisho. Kuhama huku kulikuwa hesabu ya makusudi, na wanaolalamika wana hoja: La Paz ilikuwa na uwanja wa taifa, na kimo kiliongezwa ili mgeni aumie zaidi. Lakini El Alto ni mji wa mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Waaymara, wanaofanya kazi na kucheza mpira katika hewa hiyo kila siku. Marufuku ingewaambia kwamba makazi yao hayafai kwa mchezo wanaoupenda. Kinachohitaji kurekebishwa ni ratiba: mechi ya milimani ipangiwe mwanzoni au mwishoni mwa dirisha la kimataifa, na benchi la akiba liruhusiwe mabadiliko zaidi.