"Motorola" za bei ndogo mu Kasenga: mukanda wake utatoka wapi?

Toka Lubumbashi mpaka Kasenga ni kilometa zaidi ya 200. Mwenye kusafiri njia ile anajua: kuko fasi simu inabaki tu taa ya kumulikia, rezo hakuna. Kwa wavuvi wa Luapula iko vilevile. Kama upepo umekamata bwato katikati ya mayi, utaita nani?

Njo maana redio ndogo za mukononi zinapendeza. Watu wanaziita "motorola", hata kama nyingi zinatoka China na hazina kitu na kampuni ya jina lile. Yenye kujulikana sana ni Baofeng UV-5R. Bei yake iko chini ya dola 30, haiombe unite, na pa fasi wazi kama juu ya mayi sauti yake inafika kilometa kadhaa.

Sasa, iko halali ao hapana? Jibu si neno moja. Sheria inauliza maulizo tatu, na wengi wanayachanganya.

Ulizo la kwanza ni la mashine. Njo ile Wafaransa wanaita omologasyo: serikali inapima modeli, inaona kama inafuata kanuni, kisha inaitolea mukanda. Kwetu, mambo haya yamo mu sheria no 20/017 ya tarehe 25 novemba 2020 juu ya telekomunikasyo, na kazi iko mu mikono ya ofisi ile tulizoea kuita ARPTC.

Ulizo la pili ni la muntu. Redio ya amatere ni ya yule anayesema na wengine kwa kupenda na kwa kujifunza, bila kutafuta makuta. Muntu yule anapashwa kuonyesha kama anajua kazi, kisha anapewa jina lake la hewani. Majina ya Congo yanaanza na 9Q, ya Zambia na 9J. Wakati wa Wabelgiji, yetu yalianza na OQ5. Kwa hiyo jambo hili si la leo.

Ulizo la tatu ni la njia ya hewani, ni kusema frekansi. Mu Afrika, amatere ana njia kati ya megaherzi 144 na 146, tena kati ya 430 na 440. Lakini UV-5R inafunguka toka 136 mpaka 174, na toka 400 mpaka zaidi ya 470. Kwa kufinya vifungo vichache tu, muntu anaingia mu njia za wengine: walinzi, migodi, wenye kuokoa watu. Na redio isiyotengenezwa vizuri inavuja: unasema pa 145, kumbe sauti inatoka pia pa 290 na pa 435. Wewe hausikie kitu, ni jirani njo anasumbuka. Kwa hiyo kupima mashine si mayele ya kula makuta. Iko na maana.

Hata Marekani walipata shida ile. Mu 2018, ofisi yao ya mawasiliano, FCC, ilionya mufanyabiashara mumoja aliyekuwa anaingiza UV-5R. Mukanda wa redio ulikuwako, lakini mashine ilikuwa na uwezo wa kufanya zaidi ya ile mukanda ulisema. Tuone vizuri: hawakuanza na muntu aliyenunua moja kwa makuta yake. Walianza na mwenye kuingiza.

Hapa njo shida yetu inaanza. Mu Congo, ukisema "serikali itaandikisha vyombo", watu wanakumbuka RAM. Mu 2020, tuliambiwa kama ni juu ya kupigana na simu za uongo. Kila mwenye simu akaanza kukatwa unite: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa ile ya 3G ao 4G. Kelele ikapanda mpaka mu Bunge, na mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa. Simu za uongo zingali sokoni. Muntu aliyeumwa na nyoka anaogopa hata kamba, na omologasyo ya redio itaonekana kuwa kamba ile.

Lakini kukosa mukanda pia ni hatari, na mu Katanga zaidi. Tarehe 23 marsi 2013, Bakata Katanga waliingia mpaka katikati ya Lubumbashi. Tangu siku zile, muntu mwenye redio mukononi pa bariere si mvuvi tena mbele ya macho ya askari, ni mushukiwa. Pembeni ya mupaka kama Kasenga, ni mbaya zaidi: redio inavuka Luapula na bwato, hakuna anayeweza kuonyesha ilitoka wapi. Pasipo kanuni yenye kujulikana, kila ajenti anajitungia yake, na bei yake.

Tuseme tena kitu kimoja ambacho wauzishaji hawasemi. Mvuvi anayeuliza bei ya samaki na redio si amatere, sababu njia za amatere zimekatazwa kwa biashara. Hata akipata redio yenye omologasyo, angali mu makosa. Kwake kunafaa mulango mwingine. Ulaya walifungua mulango ule: pembeni ya megaherzi 446, redio ya nguvu ndogo, nusu wati, kila muntu anasema bila kuomba ruhusa. UV-5R haingie pale, sababu nguvu yake inafika wati 4.

Basi, tunaomba nini? Kwanza, modeli ipimwe mara moja, na alipe mwenye kuingiza, si mwenye kununua moja sokoni. Pili, liste ya redio zenye kukubaliwa ibandikwe wazi pa dwane ya Kasumbalesa na pa ofisi ya teritware ya Kasenga, mu Kifaransa na mu Kiswahili. Tatu, kama ZICTA ya Zambia imekwisha kupima modeli, tusianze tena toka sifuri: wote tuko mu SADC. Ine, mwenye kutaka kuwa amatere afanye mutihani hapa Lubumbashi. Na wavuvi wapewe njia yao ya nguvu ndogo, hata moja tu, ya kuitania musaada.

Bila ile, redio zitaendelea kuvuka mayi, mikanda haitavuka, na atakayelipa pa bariere ni yule mwenye bwato.