UCHAMBUZI: Kumpima mbwa mzima si anasa mtaani Rhonda

Katika mtaa wa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, mbwa hafugwi kwa ajili ya kupapaswa. Hufugwa alinde lango la ploti, abweke usiku, na mchana ajitafutie riziki majaani. Mwambie mwenye ploti ampeleke mbwa huyo kwa daktari wa mifugo ilhali hana kidonda wala kikohozi, naye atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, ni lini mara ya mwisho watoto wa wapangaji wake walipimwa wakiwa wazima.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na wanaopigia debe uchunguzi wa kila mwaka wa wanyama wa nyumbani aghalabu hulikwepa. Huko Marekani na Uingereza, kliniki nyingi humshauri mwenye mbwa au paka amlete mnyama wake atolewe damu na apimwe mkojo na kinyesi hata kama anakula na kucheza kama kawaida. Hoja yao ina mashiko. Mnyama hasemi, na paka hasa huweza kuishi na maradhi ya figo bila kuonyesha dalili hadi sehemu kubwa ya figo imekwisha haribika. Lakini biashara nayo haikosi. Mnamo Mei 2024, mamlaka ya ushindani wa kibiashara nchini Uingereza ilianzisha uchunguzi rasmi kuhusu soko la matibabu ya wanyama wa nyumbani, bei ikiwa miongoni mwa malalamishi makuu.

Aidha, kuna hesabu ambayo mteja haelezwi. Viwango vya kawaida vya vipimo vingi vya damu huwekwa kwa namna ambayo wanyama wazima 95 kati ya 100 huangukia ndani yake. Watano waliobaki huonekana wana kasoro, nao hawana. Mbwa mzima akifanyiwa vipimo 20 vya aina hiyo, kila kimoja kikijitegemea, uwezekano wa kupata angalau jibu moja "baya" ni takriban asilimia 64. Kwa mbwa mzee, jibu kama hilo huenda likafichua ugonjwa wa kweli. Kwa mbwa wa miaka miwili, mara nyingi huzaa vipimo vingine na gharama nyingine.

Ikiwa hiyo ndiyo maana ya kumpima mnyama mzima, basi mwenye ploti wa Rhonda ameshinda mjadala. Hata hivyo, mtaani humo kuna sababu nyingine, tena kubwa zaidi, ya kumwangalia mbwa asiyeugua. Maradhi yake si yake peke yake.

Mfano wa kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa viungani mwa Nairobi, na kisa cha kwanza cha binadamu kikaandikwa mwaka 1928. Zaidi ya karne moja baadaye, makadirio ya serikali yanafikia vifo 2,000 kwa mwaka. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria vifo 59,000, takriban vyote vikitokana na mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ndio asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Hakuna kipimo cha kutegemewa cha kumkagua mbwa aliye hai na kuthibitisha kwamba hana kichaa. Uthibitisho hupatikana maabarani kwa kuchunguza ubongo wake akishakufa. Zaidi ya hayo, virusi huanza kutoka kwenye mate siku kadhaa kabla ya mbwa kubadilika tabia. Ndiyo maana mbwa aliyemuuma mtu akiwa anaonekana mzima hutakiwa kufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Mtu aliyeumwa naye hatakiwi kusubiri. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha aende hospitalini mara moja. Kwa ugonjwa huu, basi, kumwangalia mbwa mzima maana yake ni chanjo. WHO hukadiria kwamba kumtibu mtu mmoja aliyeumwa hugharimu wastani wa dola 108, fedha ambazo kibarua wa Rhonda hawezi kuzichomoa mfukoni kwa siku moja.

Mfano wa pili hauna kelele, na pengine kwa sababu hiyo hupuuzwa. Watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa tayari na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, hukomaa udongoni kwa majuma kadhaa, kisha huingia kinywani mwa mtoto anayecheza uani. Mabuu yake huweza kufika machoni na kuharibu uwezo wa kuona. Kuna pia tegu mdogo ambaye mbwa humpata akitupiwa ini au mapafu mabichi yenye malengelenge. Akifika kwa binadamu huota uvimbe wa maji katika viungo hivyo hivyo. Turkana iliwahi kutajwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani kwa maradhi hayo, na shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuyadhibiti huko mwaka 1983. Mbwa mwenye tegu huyo kwa kawaida hunenepa na kubweka kama wenzake.

Hapo ndipo kipimo kinapostahili jina lake. Kinyesi kidogo, maji yenye chumvi nyingi na darubini vinatosha kuonyesha mayai ya minyoo mingi yakielea. Si mashine ya mamilioni. Nakuru ina maabara ya serikali ya uchunguzi wa maradhi ya mifugo, na Chuo Kikuu cha Egerton, kinachofunza madaktari wa mifugo, kiko Njoro, mwendo mfupi kutoka Rhonda. Mayai ya tegu, kwa kweli, hayatambuliki kwa urahisi hivyo, ndiyo maana wataalamu hupendekeza dawa kwa ratiba badala ya kungoja jibu.

Kisha kuna Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ambayo ua wake hauko mbali na mtaa huo. Mwaka 1994, ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, uliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti, nchini Tanzania, na ukavuka hadi Maasai Mara. Mbuga ya Nakuru ina simba pia. Ua wa umeme huzuia mengi, lakini hautoi chanjo.

Nani alipe? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Mpango wa kitaifa wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, wa 2014 hadi 2030, nao unalenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Kwa miaka mingi, mabaraza ya miji yalitumia njia rahisi zaidi, nyama yenye sumu, na kichaa hakikwenda popote: mbwa waliouawa nafasi zao zilichukuliwa upesi na wengine wasiochanjwa.

Leseni isiwe karatasi ya kukusanyia ada tu. Ifungamane na chanjo na dawa ya minyoo siku hiyo hiyo, na gharama ya mbwa wa mitaa kama Rhonda ibebwe na kaunti, kwa kuwa anayekingwa ni mtoto wa mpangaji. Wenye uwezo wa kulipia vipimo 20 vya damu waendelee kulipa. Na huduma hiyo isingoje Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, pekee. Mbwa wa mitaani huishi miaka michache na huzaa sana. Kinda aliyezaliwa Oktoba langoni mwa ploti atakuwa ametembea majaani karibu mwaka mzima kabla ya gari la chanjo kurudi.