Mitaro ya Tabora ikaguliwe kwa miguu



Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika Kazeh, Tabora ya leo, walikofika wapelelezi Waingereza Burton na Speke mwaka 1857, na hakuna kambi iliyopigwa bila kuuliza maji yako wapi. Sisi maji ya mvua tunayapitisha kwenye kalvati chini ya barabara, kisha tunayasahau hadi Novemba. Kalvati hizo zikaguliwe kwa miguu wakati wa kiangazi, mdomo hadi mdomo, kwani mchanga uliojaa, chupa za plastiki na nyufa za zege havionekani ukiwa juu ya lami. Wapo watakaosema ni hatari. Ni kweli, hewa chafu huua. Basi waingie mafundi wenye kamba na mwenzao akibaki nje, na penye nafasi finyu ipelekwe kamera. Gharama? Kuzibua Oktoba ni nafuu kuliko kujenga upya barabara iliyokatika Januari.

Msomaji, Tabora