Maziwa Yenye Rangi ya Jivu

Msomaji mpenzi, ukialikwa Kapkatet na kuletewa kikombe cha maziwa yenye rangi ya jivu, usiulize kama kuna aliyeangusha makaa humo. Mimi niliuliza.

Tulitoka Kericho, tukayapita mashamba ya chai na mji wa Litein, tukafika kwa wakwe wa kaka yangu saa saba, njaa ikituuma. Nyanya wa nyumba, ambaye huko huitwa kogo, alitutengea kimyet, yaani sima ya wimbi, na mboga za mwangani. Kisha akaja na mursik. Nilipotoa lile swali langu, binti yangu naye akaziba pua. Chumba kizima kikanyamaza. Kaka yangu alinitazama kama mtu anayeanza kuhesabu upya ng'ombe wa mahari. Kogo hakusema neno. Alikivuta kile kikombe polepole akakirudisha upande wake.

Mwenzenu nilikuwa na hofu nyingine, ila sikuitamka. Zamani Wakipsigis walikuwa wakichanganya maziwa na damu ya ng'ombe, na damu kwetu Waislamu ni haramu. Badala ya kusema hivyo kwa adabu, nilikuwa nimekunja uso.

"Kogo, niwie radhi," nikamwambia. "Dini yangu hainiruhusu damu."

"Damu? Hakuna damu humu, mwanangu. Njoo uone."

Jikoni akanionyesha kibuyu, sotet, alichokisugua ndani kwa makaa ya vijiti vya senetwet. Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakamiminwa humo na kuzibwa siku kadhaa hadi yagande. Makaa ndiyo yanayoyapa rangi ile na harufu ya moshi. Basi ndiyo haya haya wanariadha wetu hunyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na medali, nami nikiwapigia makofi kwenye televisheni!

Nikanywa. Funda la kwanza uchachu ulinipanda puani. La pili lilishuka vyema. Kabla ya la tatu, binti yangu alikuwa ameshakishika kikombe.

Tukiendelea kula, kogo akataka kujua sisi wa Mombasa hula nini. Nikamsifia pweza wa nazi. Pweza ni nini? Nilipofika kwenye mikono minane isiyo na mfupa hata mmoja, akaliweka tonge lake chini.

"Nanyi mnakula?"

Nikamwahidi kumletea safari ijayo. Akasema nije, tena nije upesi, lakini hicho kitu nikiache huko huko kwetu.