Liyongo amefika Mwala. Sisi wenyeji tu wapi?

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Neno hili nimeliona likitimia mbali na pwani, katika nchi kavu ya Ukambani, mahali paitwapo Mwala, mashariki ya mji wa Machakos. Huko nimemkuta Fumo Liyongo, shujaa na malenga wetu, amepiga goti kando ya kisima na upinde wake mkononi. Amechorwa kwa rangi za maji, na aliyemchora ni binti wa Kikamba ambaye hajapata kuiona bahari kwa macho yake. Nimerudi Mombasa na maneno moyoni, na leo naomba ruhusa ya msomaji niyatoe, ingawa najua wako watakaonuna.

Habari ilianza hivi. Rafiki yangu mmoja anayesomesha Kiswahili upande huo aliniita nizungumze na wanafunzi wake juu ya ushairi. Tulipokwisha akaniambia, "Malenga, kuna binti aliyemaliza shule hapa, na tangu aliposoma habari za Liyongo darasani hana zungumzo jingine. Sasa anamchora. Twende ukamwone." Tukaenda. Tulimkuta uani kwao, chini ya mwembe, ameinamia ubao uliolala juu ya meza, na kando yake mikebe miwili ya maji.

Mimi si mchoraji, basi nilikaa nikatazama kama mwanafunzi. Karatasi yake ilikuwa nene, ya namna inayouzwa ghali Nairobi. Kwanza huirowesha maji, akaibandika ubaoni kwa utepe pande zote nne, akaiacha ikauke hata ikakaza kama ngozi ya ngoma. Asipofanya hivyo, karatasi itajikunja mara rangi itakapoigusa. Kisha huchora kwa penseli, kwa mkono mwepesi mno, kwa kuwa rangi za maji hazifichi kitu. Mstari mzito utabaki ukionekana hadi mwisho. Tena hana rangi nyeupe. Weupe wa picha ni karatasi yenyewe, kwa hiyo kabla ya kuchovya brashi yampasa ajue ni wapi hatagusa kabisa: mng'aro wa jua juu ya upinde, ukingo wa kisima, nguo ya mwanamke mmoja.

Baada ya hapo huanza na rangi iliyo nyepesi kuliko zote, akaenda kwenye nzito hatua kwa hatua. Mbingu aliilowesha kwanza, akadondosha nili juu, akauinamisha ubao rangi iteremke yenyewe. Halafu akangoja. Nusu ya kazi hii ni kungoja, maana tabaka la pili likiwekwa juu ya la kwanza lisilokauka yote huwa tope. Ngozi ya Liyongo peke yake aliipitia mara sita: manjano, rangi ya udongo, wekundu kidogo, kisha zambarau hafifu penye kivuli. Uzi wa upinde na mawe ya kisima, moja moja, vilikuja siku za mwisho kwa brashi ya nywele chache.

Nilipomtazama nilikumbuka ubao wangu wa chuoni, wino wa masizi na kalamu ya tete, na jinsi tulivyoosha ubao tukaanza somo jipya. Nilikumbuka pia kombe, zafarani na marashi juu ya sahani nyeupe. Watu wa pwani hatuwezi kusema kwamba rangi na maji ni mambo mageni kwetu.

Na maji yale aliyatoa wapi? Mito ya huko sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Watu hufukua mchanga hata wakafikia unyevu, wakangoja kishimo kijae, wakateka kwa kibuyu. Pengine wamejenga kuta za saruji kukata mto, ili mvua ikija mchanga ujilimbikize nyuma ya ukuta na kuyaweka maji ndani yake. Binti yule alikuwa ameyabeba maji yake mwenyewe asubuhi ile, na yale aliyooshea brashi hakuyamwaga ovyo. Aliyapeleka kwenye mche.

Sasa nikiri kosa langu. Picha ilikuwa karibu kwisha, nami ulimi ukanitangulia. Katika picha wanawake wa mji walisimama mbali, wameshika vibuyu. Nikasema, "Mwanangu, huku ni kwenu. Pwani wanawake hao wangekuwa na mitungi ya udongo, na kata ya kifuu yenye mpini." Hakujibu. Aliitazama picha, akaifunika kwa gazeti. Rafiki yangu ndiye aliyenieleza tulipokuwa njiani kwamba rangi za maji hazifutiki, kwamba kwa neno moja nilikuwa nimemrudisha mwanzo, na kwamba karatasi ile aliinunua kwa fedha za kuku wa mama yake. Niliona haya.

Baada ya miezi mitatu nilipita tena. Alikuwa ameichora upya yote. Mitungi ilikuwapo, na kata ilikuwapo. Lakini pembeni kabisa mwanamke mmoja alikuwa bado ameshika kibuyu. Nikamwuliza, naye akasema, "Huyo nimemwacha kwa makusudi, Mzee. Ni mimi. Nami nilikuwapo kisimani."

Msomaji, kisa unakijua. Mwana alimchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akaamka, akatwaa upinde, akaenda nje penye kisima, akapiga goti na kutega mshale, na roho ikamtoka akiwa vivyo hivyo. Watu wakadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kusogea kuteka maji, hata baada ya siku kadha mwili ukaanguka, ndipo wakajua. Mimi nimekisikia kisa hiki tangu utotoni, na siku zote nimemlilia Liyongo na kumlaani mwanawe. Hata siku moja sikuwafikiria wale wanawake waliosimama na mitungi mitupu, na watoto nyumbani wakilia kiu. Binti wa Mwala aliwaona mara ya kwanza aliposoma. Midomo yao ameichora imekauka. Ajuaye kiu ndiye aliyetusomea kisa chetu.

Watu wa baraza yetu nilipowaonyesha picha walikuwa na maneno mawili. La kwanza: huyu ana haki gani juu ya Liyongo? Nami nawajibu kwa ilimu yetu wenyewe. Takhmisi ni nini? Ni mshairi kuyapenda maneno ya aliyemtangulia, akachukua mishororo yake miwili bila kuigusa, akaitangulizia mitatu yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kuwa alilifanyia takhmisi shairi la Liyongo mwenyewe. Na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango, ndiye aliyetunga utenzi wa Liyongo mwaka wa 1913, karne nyingi baada ya shujaa huyo. Je, hao waliiba? Walipenda, wakamtaja mwenyewe, wasimharibie, wakaongeza chao. Hayo ndiyo masharti, na anayeyavunja, kama wale wanaochukua kazi ya mwenzao wakaifutia jina na kuiuza, huyo ni mwizi pasi na shaka. Binti yule ameandika chini ya picha yake kwamba kisa amekipata kwa Kijumwa wa Lamu. Ameyatimiza masharti. Kazi yake ni takhmisi ya brashi.

Tena kwa watu wa Mwala hili si jambo jipya. Wamunyu, kijiji kilichotangaza uchongaji wa Kikamba duniani, kimo katika Mwala hiyo hiyo. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, akarudi kwao akachonga kwa namna yake, na wengine wakamfuata. Sisi wa Mombasa tunawaona Changamwe, kwenye chama chao cha ushirika kilichoanzishwa mwaka wa 1963. Wazaramo walipungukiwa na nini? Na Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alizunguka Kenya akiwachora watu wa makabila mbalimbali, wa pwani wakiwamo, kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni. Hatukumfukuza. Huyu wa Mwala hakutumwa na serikali wala hakulipwa na mtu. Alitumwa na mahaba.

Neno la pili ni zito zaidi, nami silichezei. Wazee waliniuliza, na kuchora chenye roho? Mimi nilipokuwa mtoto nilichora ngamia pembeni mwa ubao wangu, na mwalimu akanionjesha bakora. Mimi si mufti. Najua wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu wamekataza, na wako walioitofautisha picha ya karatasini na sanamu yenye kivuli. Najua pia kwamba Ibn Abbas alimwelekeza mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora, kwamba kama hana budi basi achore miti na visivyo na roho. Mlango huo, basi, upo wazi. Kijana wetu anayechelea akichore kisima, na mitungi mitupu iliyopangwa, na upinde ulioegemea ukingoni, na mji wa mawe kwa mbali. Kisa kitasomeka. Mafundi wa Lamu walijaza milango maua na majani bila kuchora kiumbe hata kimoja, na ulimwengu mzima huja kuitazama.

Juu ya hayo, binti yule amemchora Liyongo mgongo tu. Nikamwuliza kama alifanya hivyo kwa kutuheshimu sisi Waislamu. Akacheka kidogo. "Hapana, Mzee. Wanawake hawakuuona uso. Wangaliuona, wangalijua amekufa, na wangaliteka maji." Nilinyamaza.

Picha amenipa. Sikuitundika chumbani ninaposali. Nimeifunga kwa kitambaa, nimeiweka sandukuni pamoja na hati zangu, na wageni wakija huitoa. Lakini kila nikiitoa najiuliza: huko Kipini, ambako watu huonyeshwa mahali panapotajwa kuwa kaburi la Liyongo, na Lamu, na Pate, na hapa Mombasa, ni kijana yupi aliyekaa miezi mitatu na kisa hiki, kwa brashi au kwa kalamu? Tumelifunga sanduku, ufunguo tumeukalia, na anayebisha hodi tunamwuliza kabila lake. Walimu wa pwani na wapewe karatasi na rangi, nasi wazee tukae na watoto tuwaambie kata ilikuwaje na mtungi ulikuwaje. Ila tuwaambie kabla hawajaanza, si kama nilivyofanya mimi.

Namwaga kwa beti moja:

Binti wa kule Mwalani, kwa maji kachora maji,
Liyongo yu kisimani, ameuzuia mji,
Nasi wenyeji wa pwani, tu wapi sisi wenyeji?
Mpe kiti barazani, mpenda si mpitaji.