HAKIMU ANASEMA 'USINYWE', DAWA NANI ATATOA?

Kijana wa Kizwite, wewe unayeshinda kijiweni ukisubiri abiria wa bodaboda, sikiliza. Umeshawaona jamaa zako wakipandishwa kizimbani kwa ajili ya pombe. Mmoja kapigana kilabuni. Mwingine kakutwa na gongo. Wa tatu kaendesha pikipiki akiwa chakari. Wakiachiwa kwa masharti mnawapongeza kijiweni, mnasema wamepona. Ndugu yangu, hawajapona. Wamefungwa kamba ndefu tu.

Tazama mchezo unavyochezwa. Sheria ya uangalizi wa wakosaji tuliirithi kwa mkoloni, ni ya mwaka 1947. Inampa hakimu uwezo wa kumwacha mkosaji uraiani chini ya ofisa wa uangalizi, kwa masharti anayoona yatamzuia asirudie kosa. Waingereza wenyewe, katika sheria yao ya 1907, waliitaja pombe waziwazi: aliyekosa kwa ulevi aliweza kuamriwa asiguse kileo. Sisi tukaongeza Sheria ya Huduma kwa Jamii, 2002. Anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kufanya kazi za umma badala ya kwenda jela.

Hizo ni sheria nzuri, hatuzipingi. Kijana akibaki nje analima, analea watoto wake. Lakini soma na maandishi madogo. Ukivunja sharti la uangalizi unarudishwa kwa hakimu, na unaweza kupewa adhabu ya kosa lile lile la mwanzo. Sasa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka kumi unamwambia "acha leo", kisha unamrudisha mtaa ule ule, kwenye vilabu vile vile vya komoni. Huo ni uangalizi au mtego wa panya?

ULEVI SI UCHAWI

Wazee wanasema jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi tuutupe na uchawi huu wa kusema kwamba mlevi kalogwa, kalaaniwa au hana adabu. Ubongo uliozoea pombe kwa miaka hubadilika. Ukinyimwa ghafla, mikono hutetemeka, jasho hutoka, mtu huona vitu visivyokuwepo. Wengine huanguka kifafa, na wengine hufa. Kwa hiyo amri ya "acha leo" bila daktari inaweza kumuua mtu ambaye mahakama ilitaka kumwokoa.

Na dawa zipo. Disulfiramu, iliyouzwa kwa jina la Antabuse, ilianzia Denmark miaka ya 1940. Ukiwa umeimeza halafu ukanywa pombe, uso unawaka moto, moyo unakwenda mbio, unatapika. Ni kali, mgonjwa wa moyo au ini asipewe ovyo. Naltreksoni haimtishi mtu hivyo, inapunguza hamu ya kunywa na ile raha ya kulewa. Marekani iliiruhusu kwa ulevi mwaka 1994, na sindano yake ya mara moja kwa mwezi mwaka 2006. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudi kilabuni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Usiambiwe kwamba mahakama na dawa ni mambo yasiyokaa chungu kimoja. Mjini Atlanta, Marekani, walevi waliofikishwa mahakamani walikuwa wakipewa Antabuse tangu miaka ya 1960.

KWA NINI WA HEROINI TU?

Serikali haiwezi kusema haijui. Tangu 2011 Muhimbili inawapa watumiaji wa heroini methadoni bila malipo, na huduma hiyo ikafika hadi Mbeya. Tunapongeza. Lakini tunauliza: kwa nini aliyenaswa na heroini ahesabiwe mgonjwa, na aliyenaswa na gongo ahesabiwe mkorofi tu? Aliyekaa kwenye baridi ya Ufipa hana ini, hana ubongo?

Mwaka 2017, tarehe 1 Machi, viroba vilipigwa marufuku. Wengi tulipiga makofi. Kiroba kikaondoka dukani, kiu ikabaki kwa mtu. Je, yule aliyekuwa amekwisha naswa alipewa nini? Hotuba!

Ndugu msomaji, usidanganyike. Kila chupa ya bia inayofunguliwa ina ushuru wa serikali ndani yake. Wakubwa wanachuma kwenye chupa, na mlalahoi akizama kwenye chupa hiyo hiyo wanampelekea karandinga. Angalau sehemu ya ushuru huo ingerudi kama dawa.

Tunachodai si miujiza. Kwanza, hakimu asiweke sharti la pombe kabla mtu hajapimwa na daktari. Pili, Bohari ya Dawa ihakikishe dawa hizi zinafika na zinakuwepo muda wote katika hospitali ya mkoa, Sumbawanga, siyo Dar es Salaam peke yake. Tatu, dawa isigeuzwe pingu. Mtu aelezwe faida na madhara yake, aridhie mwenyewe, na akikataa asiadhibiwe kwa kukataa. Nne, kuteleza siku moja kusiwe tiketi ya jela. Mgonjwa wa malaria akipata homa tena hatumpeleki polisi.

Watasema ni ghali. Changa la macho! Vidonge vya disulfiramu na naltreksoni ni vya zamani, hataza zake zilikwisha muda wake, na kiwanda chochote chenye uwezo kinaweza kuvitengeneza. Mfungwa naye analishwa, analindwa, anavalishwa kwa kodi yako. Watasema pia kwamba dawa peke yake haitoshi. Kweli, haitoshi. Mtu anahitaji ushauri na kazi. Lakini hilo ni hoja ya kuongeza ushauri na kazi, si ya kumnyima mtu dawa.

Kijana, diwani na mbunge hawakosi kupita Kizwite kuomba kura. Siku hiyo usiulize fulana wala kofia. Uliza hivi: jamaa yetu aliyeamriwa na mahakama asinywe, dawa yake iko wapi? Akikujibu kwa kuwanunulia komoni, basi ameshawajibu.